Brijida Hajawahi Kuingia Zizini

Kwa Mzee Mabula,
Kamsamba, Momba.
Jumapili, 22 Septemba 2013.

Mpendwa mdogo wangu Justina,

Wangaluka. Mmeamkaje huko Newala, wewe na shemeji na watoto? Vile vidonda vya tumbo vya shemeji vimetulia, au bado anakula pilipili ukiwa zamu? Na mgongo wako je? Unawapima watu wa wilaya nzima lakini kujipima mwenyewe hutaki, nakujua tangu utoto.

Sisi huku hatujambo. Mama bado anadunda, goti tu ndilo linamkumbusha umri akitaka kuinuka kanisani. Mpunga tulivuna vizuri. Jua linachoma kwelikweli na mto umebaki vidimbwi, kwa hiyo ng'ombe tunawapeleka mbali kunywa, lakini miili yao haijaanguka. Nimekufungia michembe ya viazi vikavu ya kutosha, maana najua huko mnakula mihogo mpaka mnasahau viazi vina ladha gani.

Utauliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwanza, mtandao bado tunaufuata juu ya kile kichuguu cha nyuma ya kanisa, na ukipiga simu pale unasikilizwa na foleni nzima. Pili, ninayotaka kukuambia ni marefu na mengine yananitia haya. Basi kaa chini. Mwache shemeji apike leo.

Niruhusu nianze na jambo nililokuficha, halafu unikasirikie ukimaliza kusoma. Baba haoni.

Sisemi haoni vizuri. Haoni, Justina. Ni mwaka wa pili sasa. Ilianza jicho la kushoto, akasema ni vumbi la mnadani. Likafuata la kulia. Asubuhi moja alisimama kwenye lango la zizi kama kawaida yake, ng'ombe wakaanza kutoka, na mimi nikamwona anawaangalia wakiwa wameshapita. Nikamsogelea. Akanishika mkono akasema, “Kabula, nitajie wanaopita. Na mtu asijue.” Basi tangu siku hiyo nasimama ubavuni mwake asubuhi na jioni, namtajia kwa sauti ya chini: mweusi wa paji jeupe, binti yake, kijivu wa pembe iliyovunjika, mwekundu wa Meatu. Unajua Baba hahesabu ng'ombe, anasema kuhesabu ni kuwaita fisi. Anawajua mmoja mmoja. Kwa hiyo mimi ndiye nimekuwa macho yake pale langoni, na mtu akipita njiani anaona mzee na bintiye wanapiga soga.

Mama alijua kabla yangu. Nilipomwambia alicheka, akasema mwanamume aliyelala naye miaka arobaini na zaidi hawezi kuanza kumimina chai nje ya kikombe asijue. Ila alimwachia heshima yake. Ndugu yetu Fanuel hakujua, maana akija kutoka Tunduma anakuja na pikipiki, anakunywa maziwa, anaangalia saa, anaondoka.

Sasa unajua ilivyo kwetu. Baba ana miaka sabini na tano, na fimbo yake ya langoni lazima impate mtu. Anayepewa ile fimbo ndiye mwenye zizi, na kwa desturi huyo ni mtoto wa kiume. Wa kiume ni Fanuel peke yake. Hajaficha anachotaka: kuuza karibu kundi lote anunue lori la kubeba mahindi na kahawa kutoka Mlowo. Mimi sina neno na malori. Lakini tangu nilipofiwa na mume wangu nikarudi nyumbani, huu ni mwaka wa tisa nawalisha wale wanyama. Nimewazalisha kwa mikono hii. Zizi likiuzwa, mimi nitakuwa nani hapa? Mjane anayepika nyumba ya baba yake. Hilo ndilo lililokuwa linanikereketa, na nilikuwa sijamwambia mtu.

Mwezi wa sita Fanuel akaja na zawadi. Televisheni, deki na sola, vyote vimefungwa kwenye blanketi nyuma ya pikiapu ya kukodi. Kijiji kizima kilikuja kuona. Mimi niliona mara moja kwamba ile ni kampeni, lakini nilinyamaza, na kusema kweli niliifurahia pia. Fanuel akamkalisha Baba mbele ya kioo, akawasha, akauliza kama rangi ziko sawa.

Baba akakunja uso, akasogea nyuma kidogo. “Ziko sawa. Punguza nyekundu.”

Fanuel akapunguza nyekundu! Mama alitoka nje mbio na kanga mdomoni.

Pamoja na televisheni alileta tamthilia ya Kimexico, sidii kumi na nne, zile zilizowekewa sauti ya Kiswahili. Yule jamaa anayetafsiri anaongea peke yake, sauti ya mume, ya mke na ya mtoto, na akichoka anaweka yake mwenyewe. Fanuel alizichagua kwa makusudi, maana habari yenyewe inahusu mzee tajiri, Don Anselmo, mwenye shamba la ng'ombe lisiloonekana mwisho na kampuni kubwa mjini, ambaye anataka kujua nani atakalia kiti chake. Kuna mwanawe Leandro, kijana mzuri mwenye suti nyeupe, ambaye anataka kuiunganisha kampuni na matajiri wengine. Na kuna Brijida, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyelelewa mle ndani, ambaye anataka shamba na kampuni vyote. Wanatiliana sumu, wanaibiana wosia, wanasukumana kwenye ngazi. Watu wana vyumba ishirini na bado wote wanagombea kiti kimoja cha ngozi.

Nadhani Fanuel alitaka Baba ampende Leandro.

Tukapanga kuangalia sidii moja kila Jumapili baada ya ibada, saa kumi, mpaka wakati wa ng'ombe kurudi. Jumapili hizo ng'ombe ananichungia kijana wa jirani yetu Mzee Rubeni. Mwanaisha, mke wa Makame mwenye duka, ndiye aliyekuwa anakuja wa kwanza na kiti chake kabisa. Brijida akitokea tu, Mwanaisha anamtukana mpaka anaishiwa. Mama yeye alikuwa na yake. Hakuelewa kwa nini wale wanawake wanalala na lipstiki na kuamka nayo haijafutika. “Hawana mito?” aliuliza kila Jumapili.

Mimi nilikaa karibu na Baba, sikio kwa sikio. Maneno alikuwa anayasikia mwenyewe kwa yule mtafsiri. Kazi yangu ilikuwa pale wanaponyamaza na muziki kupigwa, nimwambie wanafanya nini. Na hapo, Justina, ndipo nilipoharibu.

Sidii ya kwanza tu, Leandro akamshika msichana mmoja wakaanza kunyonyana midomo, na hawaachi. Muziki unapigwa. Baba akaniinamia. “Mbona kimya? Wanafanya nini?” Wewe ungesema nini? Mimi mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja nimwambie baba yangu mzazi kitu kile? Nikasema, “Wanasali, Baba. Wameinamisha vichwa.” Akaitikia kwa heshima kabisa. Baada ya wiki tatu akamwambia mwinjilisti wetu kwamba Wamexico, pamoja na vurugu zao zote, ni watu wa sala sana.

Ndivyo ulimi wangu ulivyozoea. Ukishaongopa kwa adabu, unaona si kitu kuongopa kwa sababu nyingine. Sidii ya tatu, Brijida alionekana anatembea shambani, farasi huku, uzio kule, muziki tu. Baba akauliza ni nani. Nikasema ni Brijida, ambayo ni kweli. Nikaongeza kwamba ameingia zizini, anawapapasa ng'ombe matumbo, anatafuta mwenye mimba. Hiyo haikuwa kweli. Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu. Baba akasema, “Aa, kumbe huyo ni mchungaji.” Na mimi nikasikia raha ambayo sijaisikia siku nyingi.

Kuanzia hapo sikuweza kujizuia. Kila Brijida alipoonekana bila maneno, nilimpa kazi. Alikamua. Alitoa kupe. Alikesha na ndama mgonjwa. Leandro nilimwacha anachana nywele, na hilo nalo lilikuwa karibu na kweli. Nyumba nzima inamlaani Brijida, na Baba anamtetea! Mwanaisha akimwita mchawi, Baba anapiga fimbo chini. “Mnayemwita mchawi ndiye pekee anayewajua ng'ombe. Huyo kijana wa suti amewahi kukanyaga mavi?” Watu wakawa wanatazamana, wakadhani uzee. Mimi najua ninachokifanya, na naona haya, na sitaki kuacha. Nakuambia ukweli wangu wote, dada yako nilikuwa najipigia kampeni kwa mdomo wa Mmexico.

Ikafika sidii ya kumi na mbili. Jumapili hiyo Fanuel alikuja bila taarifa, akaingia tumeshaanza, akakaa nyuma yetu kwenye gunia la mpunga. Sikumwona. Brijida alikuwa mjini, kwenye ofisi yenye vioo, na mwanasheria. Anasaini karatasi za kumpokonya Don Anselmo kila kitu. Muziki unapigwa. Baba akaniinamia, nami nikaanza: Brijida yuko zizini, amevua koti, ng'ombe amekwama kuzaa, ameshika miguu ya ndama anavuta.

“Dada, unasema nini?”

Niligeuka, kumbe ni Fanuel.

“Yupo ofisini huyo. Anasaini karatasi. Baba, Brijida hajawahi kuingia zizini toka sidii ya kwanza. Mimi nimeshaiangalia yote Tunduma.” Halafu nikaisikia sauti yake inashuka. “Baba. Kwani wewe huoni?”

Mwanaisha alichukua kiti chake, akasema anakwenda kutazama chungu chake jikoni. Baba akasema, “Zimeni.” Akainuka peke yake, akatoka, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akajigonga bega kwenye mwimo wa mlango. Alizoea mimi nipo. Nilikuwa nimekaa palepale, siwezi kunyanyuka.

Fanuel alinifuata nje kwenye majivu ya jikoni. Sikutegemea kumwona analia, lakini alikuwa analia. Aliumia kwamba Baba amepofuka na yeye hakuambiwa, na hapo nilimwonea huruma kweli, maana ana haki. Kisha akasema lile lililonichoma mpaka leo. “Kama unamwongopea kwenye picha, dada, huko langoni unamwongopea mangapi?”

Nilitaka kumrushia mwiko. Lakini nilijiuliza hilohilo mwenyewe, kwamba Baba sasa atawezaje kuniamini? Hana jicho jingine. Jioni ile ng'ombe waliporudi sikuthubutu kusimama ubavuni kwake. Mama ndiye aliyefunga lango. Chakula kilikuwa wali na samaki wa mtoni, na hakuna aliyekimaliza.

Asubuhi yake Baba alituita wote langoni: Mama, mimi, Fanuel, na alikuwa amemtuma mtu kumwita Mzee Rubeni jirani yetu. Ng'ombe walikuwa bado ndani, wanasukumana. Baba alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilijua siku imefika, na nilijua nimeiharibu mwenyewe.

Akaanza na Fanuel. “Simama hapa. Nitajie wanaopita.”

Lango likafunguliwa. Fanuel akakohoa. “Mwekundu,” akasema. “Mwekundu mwingine. Mweusi. Mwenye madoa. Mwekundu. Huyu naye… mwekundu, Baba.” Mzee Rubeni akageuka upande akajifanya anapenga kamasi. Mwishowe Fanuel mwenyewe akaanza kucheka. Akainua mikono. “Baba, mimi nawajua malori. Nikisikia injini tu nakuambia ni gari gani. Hawa wananichanganya.”

Baba naye akacheka kidogo. Kisha akanigeukia mimi, uso wake umeelekea begani kwangu kama anavyofanya siku hizi.

“Kabula, wewe una mdomo,” akasema. “Wale Wamexico umewasingizia mengi. Yule mwanamke nilimsikia toka mwanzo, viatu vyake ko, ko, ko, juu ya sakafu. Nani anaingia zizini na viatu vile? Na ng'ombe gani hao, wiki kumi na mbili hawajalia hata mara moja?”

Nilitamani ardhi inimeze. Na hakumaliza. “Na kusali gani kule kwenye kuhema hivyo?” Mama alijifunika kanga uso mzima.

Halafu sauti yake ikabadilika. Ninayokuandikia hapa nimeyakumbuka neno kwa neno.

“Nilikuacha useme, kwa sababu nilikuwa nasikia unachokiomba. Ulikuwa huwezi kuniomba kwa mdomo wako, ukaniomba kwa mdomo wa yule mwanamke. Sawa. Lakini hapa langoni ni kitu kingine. Hawa ng'ombe wangu nawajua kwa hatua zao, kwa kengele, kwa pumzi. Miaka miwili nakusikiliza wewe huku nawasikiliza wao, nasubiri siku utakayonificha. Unakumbuka yule ndama aliyezama kwenye tope la mto?”

Namkumbuka. Ilikuwa mwezi wa pili. Nilisinzia kwa joto, saa nzima, na nilipozinduka ndama wa yule kijivu alikuwa ameshakufa kwenye tope. Makosa yalikuwa yangu, na hakuna mtu aliyeniona.

“Nilimsikia mama yake analia kutoka mbali,” Baba akasema, “nikajua. Nikanyamaza. Nikasema leo ndiyo leo, nitamjua binti yangu. Ukaja, kabla ng'ombe mmoja hajapita, ukaniambia: Baba, nimelala, nimempoteza ndama wa kijivu.” Akatikisa kichwa. “Watu wa kwenye televisheni wasingizie upendavyo. Hapa hujaniongopea hata siku moja.”

Akaninyooshea fimbo.

Mzee Rubeni hakuweza kuvumilia. Ni mtu mwema, lakini ni wa zamani. “Mabula, tangu lini mwanamke akashika fimbo ya zizi?”

“Tangu miaka miwili iliyopita,” Baba akasema. “Mlikuwa hamjui tu.”

Justina, nililia. Sikulia hivyo hata siku tuliyomzika mume wangu. Mama naye akaanza, na Fanuel akaja akanikumbatia na jaketi lake linalonuka petroli, akasema, “Haya, Brijida, pokea fimbo yako tuone.” Tangu siku hiyo ndilo jina langu. Hata watoto wa Mwanaisha wananiamkia shikamoo shangazi Brijida.

Usidhani Fanuel ametupwa. Baba amempa maksai na madume wa kutosha kuanzia lori lake, na kaenda nao mnadani kwa amani. Wewe pia umewekewa wako, mtamba mweupe mwenye masikio meusi. Baba amesema usije ukadhani mtu akiwa mbali anasahaulika. Mwinjilisti ameandika yote na Mzee Rubeni ameweka dole gumba, ingawa ananung'unika mpaka leo. Ukiwa na neno, liandike. Nataka baraka yako pia, si ya Baba peke yake.

Jumapili iliyofuata tuliangalia sidii zote mbili zilizobaki, mpaka mwisho. Baba sasa hana siri tena, kwa hiyo alikaa katikati, mimi huku, Fanuel kule, na sote wawili tunamweleza. Tulikuwa tunasahihishana mpaka Mama akatuambia tunyamaze asikie. Nilisema ukweli mtupu. Brijida alifungwa jela. Leandro akakalia kile kiti cha ngozi, Don Anselmo akafa akitabasamu, na watu wakasali sana. Hapo sikuongopa, Justina, nilisema tu wanasali, na Baba akasema ameelewa.

Zilipoisha alinipapasa bega. Kisha akasema yule aliyetunga angemwuliza Kabula kwanza, maana ya Kabula ilikuwa na ng'ombe zaidi.

Sasa nina ombi kwako, na hili ni la kazi yako. Fanuel alimpakia Baba wiki iliyopita akaenda naye mpaka mjini kupimwa. Wamesema ni mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwamba anaweza kupasuliwa akaona tena. Amekataa. Ameniambia kwa siri kwamba anaogopa kisu. Naomba umwandikie wewe kama muuguzi, umweleze kwa maneno ya kawaida wanachofanya, kama anaumia, kama analala hospitali siku ngapi. Maneno yako atayasikiliza, ya kwetu anasema tunamtania. Mvua hazijaanza, ni wakati mzuri wa kusafiri.

Mimi mwenyewe nina furaha, nataka ujue hivyo. Naamka na kazi ileile, mavi yaleyale, jua lilelile, lakini nikifungua lango asubuhi naingia kwangu. Siku hizi naimba njia nzima mpaka mtoni, ng'ombe wenyewe nadhani wameshachoka.

Nisalimie shemeji sana na umwambie aache pilipili. Wasalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina lake, na yule mdogo umwambie bibi yake amemsukia kikapu. Mama anakusalimu, anauliza kama unajifunika vizuri baridi ya asubuhi huko juu. Mzee Rubeni anakusalimu. Mwanaisha na Makame wanakusalimu, na wanaomba ukija uje na korosho. Fanuel hana haja ya kukusalimu kwa barua kwa sababu yeye ndiye atakayeipeleka posta Tunduma, na akiweza ataifungua aongeze yake, ndiyo maana nimeifunga kwa gundi mara mbili.

Mungu awafunike wewe na nyumba yako, awaepushe na ajali na magonjwa, na atukutanishe tukiwa wote wazima mezani kwa Mama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukichelewa kujibu,

Kabula.

Nimefungua tena, gundi ya kwanza imeharibika. Baba alisikia karatasi zinakunjwa akataka nimsomee barua yote kabla haijaondoka. Nikamsomea. Nilipofika pale pa kusali nikasita, akasema, “Soma ilivyoandikwa.” Nikasoma ilivyoandikwa, macho yangu chini. Alicheka mpaka akakohoa.

Halafu akaniambia nikuongezee neno lake, nami naliandika kama alivyolisema. Amesema mwambie Justina nimekubali, nitakwenda wakanipasue hayo macho. Lakini nikirudi naona, wewe Justina umwambie Kabula asiache kusimama pale langoni kunitajia.